Nyumba Isiyo na Kura

Félicien Bigirimana alikuwa na sauti. Tuanze hapo, maana bila sauti ile kisa hiki kisingekuwapo. Kule Kalundu bandarini, alikokuwa kapita, yaani mnyapara wa wabebaji, alikuwa akipanda juu ya magunia ya pamba na kuita majina, na wanaume waliolala nyuma ya ghala wakajikuta wamesimama kabla hawajafumbua macho. Ndiyo maana Mwalimu Mathieu alipotaka kiti cha baraza, mwezi wa kumi na mbili mwaka wa hamsini na tisa, hakutafuta mtu mwenye elimu wa kumpigia debe. Elimu alikuwa nayo mwenyewe, tena ya kubakiza. Alitafuta sauti, akaipata.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika Kavimvira, kila magharibi, baada ya kutoka bandarini kwa baiskeli. Na Kavimvira mgeni hapokewi mdomo mkavu. Mtungi wa pombe ya mtama unawekwa katikati, mirija inachomekwa, mnakaa, mnavuta, mnaulizana habari za watoto na za ng'ombe, ndipo mgeni anasema kilichomleta. Watu waliamini kwamba mtu aliyevuta nawe mtungi mmoja hawezi kukudanganya. Félicien alivuta mitungi ya mtaa mzima. Mkewe, Generose, alikuwa akisema kwamba siku zile hata mbu waliomuuma mumewe walirudi kwao wanayumba.

Mwenzake wa kupita alikuwa André, seremala, mtu wa maneno machache. Walipita kila nyumba yenye mwanamume mtu mzima, kwa sababu wanaume peke yao ndio waliopewa kura. Nyumba zenye wanawake tu waliziruka. Haukuwa ubaya, Félicien alijiambia, ni jioni tu zilikuwa fupi. Huko chini, karibu na mto, kulikuwa na nyumba ya namna hiyo, ya mjane mmoja aitwaye Domitille aliyekuwa akimlea mjukuu wake, Sidonie. Kila jioni Félicien alipita mbele ya mlango wake akienda kwa majirani, akainua mkono, akasalimu, akaendelea na safari.

"Nyumba isiyo na kura," alimwambia André siku ya kwanza, na wote wawili wakacheka.

Sasa niseme habari za ukuta. Mto ule unashuka kutoka mlimani, na wakati wa kiangazi kuku anauvuka bila kulowa tumbo. Mvua zikishika huko juu, ni jambo jingine kabisa: unakuja na mawe, na miti mizima, na kila kitu ulichokikuta njiani. Wazee walijenga ukuta wa mawe kando yake tangu zamani, na kila nyumba ikapewa sehemu yake ya kutunza. Jumamosi asubuhi unakwenda, unaangalia sehemu yako, jiwe lililotoka unalirudisha, lililopotea unaleta lingine. Mgonjwa anasaidiwa na jirani. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeamriwa.

Kisha Bulamatari, yaani serikali ya wazungu, akauona ukuta ule akaupenda. Kitu akikipenda Bulamatari, mjue raha yake imekwisha. Aliuwekea msimamizi na adhabu, na asiyeleta mawe akalala kifungoni. Msimamizi aliondolewa baadaye, adhabu ikasahauliwa, ukuta ukarudi mikononi mwa wenyewe, lakini watu walikuwa wamekwisha kuuchukia. Walikwenda Jumamosi huku wananung'unika, kana kwamba fimbo bado iko nyuma yao.

Félicien alilijua jambo hilo. Ndilo alilolitumia.

Ilitokea nyumbani kwa Nduwimana, mkulima wa pamba, ambaye alikuwa akipiga miayo wazi wazi wakati Félicien anaeleza habari za shule na za zahanati. Mwalimu Mathieu alikuwa amemtuma kusema shule na zahanati, basi. Lakini miayo ile ilimkera. Mtu mwenye sauti kama yake hakuzoea kupigiwa miayo. Akautoa mrija mdomoni, akasema:

"Na mawe? Mukimuchagua Mwalimu, habari ya mawe imekwisha. Baraza italeta mashine. Mutaweka mikono mu mifuko tu, mashine inajenga."

Nduwimana alifunga mdomo. Kisha akaufungua tena, na safari hii haikuwa miayo.

"Mashine?"

"Mashine kabisa."

"Basi huyo Mwalimu aningoje, nitamupa kura yangu na ya ndugu zangu wote."

Nyumba iliyofuata Félicien alianza na mashine. Ya tatu hakufika hata kwenye habari za zahanati. Siku chache tu mtaa mzima ulikuwa unaizungumza mashine ile, wengine wakaipa rangi, wengine wakasema wamemsikia mtu aliyeiona Bukavu. André alimtazama mwenzake mara moja tu, njiani, akamuuliza kama Mwalimu alisema hivyo kweli. Félicien akamjibu kwamba Mwalimu hawezi kukataa.

Mathieu akashinda, na akashinda vizuri. Watu walimbeba Félicien mabegani kutoka barabarani hadi nyumbani kwake, na kusema ukweli walimbeba kwa furaha kuliko walivyombeba mshindi mwenyewe. Ilikuwa siku nzuri. Aliikumbuka baadaye kwa uchungu, kwa sababu siku ile hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mtoni, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa umelala peke yake chini ya wingu zito, na mto ulikuwa umeanza kupata rangi ya udongo. Akaitazama sehemu yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa tangu alipoanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa chini mawe yalikuwa yametoka, na maji yalikuwa yanaula udongo polepole, bila haraka.

Ndipo alipomwona Domitille. Mwanamke yule alikuwa anapanda kutoka mtoni na jiwe kichwani, ngata ya majani ya ndizi chini yake, shingo imenyooka. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya mawe imekwisha. Nani angemwambia? Félicien hakuingia kwake.

"Jambo, mama."

"Jambo, mutoto yangu." Alilishusha jiwe kwenye sehemu yake, akalisukuma kwa goti mpaka likakaa. "Watu iko wapi leo?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema kweli. Walikuwa wawili tu, na mama yule hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Wanapumzika, mama. Juu ya Noeli."

"Noeli haiyafika."

"Ndiyo. Wameanza mapema."

Domitille akacheka, akasema wanaume wa siku hizi wanapenda sikukuu kuliko padri, akashuka tena mtoni kutafuta jiwe lingine. Félicien alipanda baiskeli yake akaenda zake. Aibu ilimkaa kifuani njia nzima.

Jioni ile ile alikwenda kwa Mwalimu Mathieu. Akamkuta amevaa tai mpya, anajizoeza hotuba mbele ya mkewe. Félicien akamwomba watoke nje.

"Mwalimu, ile mashine."

"Mashine gani?"

"Ya mto. Ya kujenga ukuta."

Mathieu alimtazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio uliomuumiza Félicien kuliko kama angekasirika. "Baraza haijakaa hata siku moja," alisema. "Tutaitwa mwaka mupya. Na mashine ya serikali iko ya barabara kubwa, haiwezi kuja mu vijito vyetu. Nani alisema kuko mashine?"

"Watu tu wanasema."

"Basi uwaambie haiko. Warudilie mawe yao, mvua iko karibu. Mimi wakiniona wanaona mwalimu. Weye njo walikunywa na weye, watakusikia."

Kesho yake, baada ya misa, Félicien alimfuata André na kumwambia kwamba lazima wapite tena nyumba zote, kama walivyofanya kabla ya kura. André alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, na hakuacha.

"Kura ilipita," alisema. "Watu wanasema kampanye imekwisha. Tukibisha sasa watashangaa."

"Washangae. Sasa njo tunapashwa kubisha."

André akaweka randa chini. Hilo lilimpendeza, ilionekana. "Nitaenda na weye," akasema, "kama utawaambia mashine haiko. Useme mulangoni kwanza, mbele ya kukaa."

"Nitasema."

Alikuwa na nia. Sitaki mtu afikiri kwamba hakuwa na nia. Njiani alikuwa akiyapanga maneno, na yalipangika vizuri. Walianzia kwa Nduwimana, ambaye alipowaona alipiga makofi, akamwita mkewe Apolline, akaagiza mtungi uliokuwa umefichwa kwa ajili ya sikukuu. "Kapita wetu!" alisema. "Muntu aliyetuondolea mawe!" Alimpangusia kiti kwa mkono wake. Félicien akakaa. Mrija ukamfikia mdomoni kabla ya maneno.

"Nduwimana," alisema alipomeza, "ile mashine..."

"Ehe! Inakuja lini?"

André alikuwa amesimama mlangoni, hajakaa.

"Imekawia kidogo," Félicien akasema. "Kwa hiyo nilikuwa nasema, kwa sasa, tungeenda kidogo ku ukuta..."

"A-a! Kama imekawia tutaingoja. Kitu ya serikali haikose kukawia. Kwa nini tujivunje mugongo wiki hii, na mashine inakuja wiki ingine?" Akacheka, akampigapiga Félicien begani. "Unywe, ndugu yangu. Ulitembea sana juu yetu."

Nyumba ya pili ikawa vile vile, imekawia, na ya tatu vile vile. Baada ya hiyo ya tatu André akasimama barabarani.

"Unawafundisha kungoja," alisema, na akageuka kwenda nyumbani.

Félicien angeweza kumfuata. Aliendelea, nyumba baada ya nyumba, jioni ile na zilizofuata, na kila mlango alijiambia kwamba mlango unaofuata atasema. Alikuwa anaogopa. Hakuna neno lingine la kuweka hapo. Miaka yote bandarini watu walimtii kwa kuwa alikuwa na mamlaka ya kuwaita au kutowaita kazini, lakini sasa, kwa mara ya kwanza, walikuwa wanampenda, na alikuwa ameonja kupendwa. Na kazi yake ya mara ya pili ikawa mbaya kuliko ile ya kwanza, maana hata wale wachache waliokuwa wameanza kuuangalia mto kwa wasiwasi walitulia kabisa. Félicien mwenyewe amekuja, walisema, amethibitisha, mashine iko njiani. Kwa Domitille hakupita. Huyo hakuwa na haja ya kuhimizwa, alijiambia, na kumtazama usoni kulimshinda.

Akakata shauri kwamba walau sehemu yake ataijaza mwenyewe. Lakini Noeli ikapita na wageni wake, kisha meli mbili zikaingia Kalundu moja baada ya nyingine, na kapita hawezi kukosekana meli zikiingia.

Mvua ilinyesha mlimani siku ya meli ya pili, mchana, jua bado linawaka bandarini. Félicien alikuwa juu ya magunia. Aligeuza kichwa kaskazini akaona mlima wa Kavimvira haupo, kuna weusi tu mahali pake. Alikatiza jina la mtu katikati. Akaruka chini, akachukua baiskeli, na msimamizi wake mzungu akabaki anapiga kelele nyuma yake kwa Kifaransa.

Alipofika, barabara ilikuwa mto. Aliitupa baiskeli, akaingia kwenye maji ya udongo yaliyomfika mapajani, akishikilia migomba. Aliuona ukuta. Ulikuwa umesimama juu, ulikuwa umesimama chini, na katikati ulikuwa na mlango mpana ambao mto wote ulikuwa unaingia kwa raha zake. Ilikuwa sehemu yake. Hakuhitaji kuhesabu mawe ili kujua. Na mbele ya mlango ule, pale palipokuwa na nyumba ya Domitille, palikuwa na maji yanayozunguka na kipande cha paa la nyasi kilichonasa mtini.

"Mama Domitille!" aliita. "Mama Domitiiille!"

Sauti iliyoamsha wabebaji wa Kalundu haikufika popote. Mto uliifunika. Aliita mpaka koo likamuuma, akaanguka, akainuka, akaita jina la mtoto pia, na alikuwa analia bila kujua kwamba analia. Akawaza kwamba amewaua. Aliwaza hivyo kwa maneno hayo hayo.

Ni Nduwimana aliyemshika mkono na kumvuta mpaka kwenye mwinuko. "Iko wazima!" alimpigia kelele sikioni. "Beko kwangu, na mutoto! Mama alikuwa ku ukuta, aliona maji inatoboa, akakimbia kumutoa mutoto mu nyumba. Wazima!"

Félicien akakaa chini kwenye matope. Hakuinuka mpaka maji yalipoanza kushuka.

Asubuhi mto ulikuwa umerudi kitandani kwake. Watu wengi wa mtaa walishuka kutazama. Domitille alikuwa pale nyumba ilipokuwa, kanga ya kuazima kiunoni, anachimba kwa jembe mahali palipokuwa na jiko lake, na Sidonie anapokea vijiko. Félicien alisimama mbali kidogo, pamoja na wanaume. André alikuwapo pia, na hakumwangalia.

"Sasa mashine itakuja kwa nguvu," Nduwimana akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Wakiona hii, hawawezi kukawisha tena. Félicien, uende leo kwa Mwalimu, umuambie watu wanangoja."

Wengine wakaitikia. Ndiyo, aende leo. Hawakuwa na hasira naye hata chembe, na hilo lilimtesa.

Domitille aliinua uso kutoka kwenye matope. "Mashine gani?"

Wakashangaa. Wakamweleza wote kwa pamoja, mashine ya mawe, ya baraza, Félicien alipita nayo kila nyumba, mama hukusikia? Mama hakusikia. Akageuka kumtazama Félicien, akingoja naye aelezwe.

"Haiko," Félicien akasema.

"Imekawia," Nduwimana akawaeleza wenzake.

"Haikukawia. Haiko. Haikukuwa hata siku moja. Mwalimu hakusema. Ni minye nilitunga, pale kwako, juu ulikuwa unapiga miayo. Na wiki iliyopita nilijua, nikakunywa pombe yenu, nikawaambia mungoje." Sauti yake ilikuwa ndogo, na walilazimika kusogea ili waisikie. "Ukuta ulitoboka ku sehemu yangu."

Kisha Nduwimana akatema mate pembeni, si mbele yake, pembeni tu, akaondoka. Wengine wakamfuata. Mmoja alisema neno baya kwa Kirundi alipopita. André ndiye aliyebaki wa mwisho. Kisha naye akapanda juu, lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye ukuta, kwenye lile pengo, akavua viatu.

Félicien akamsogelea Domitille.

"Ile sehemu yako niliiona inaliwa," mama akasema, akiendelea kuchimba. "Nilisema, nikimaliza yangu nitamusaidia Félicien, juu yeye iko na kazi ya watu. Sikufikisha."

"Mama, usiseme vile."

"Ni kweli sikufikisha." Akapumzika, akaegemea mpini wa jembe. "Lakini nikuulize kitu. Ulipita kwa watu wote. Minye nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, mama."

"Basi juu ya nini hukuingia kwangu?"

Angeweza kutafuta uongo mwingine, na bila shaka angeupata. "Kwako hakukuwa na kura," alisema.

Domitille alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za mbali. "Njo vile tu," akasema. "Minye nilifikiri uko na kasirani. Kila magharibi nasikia sauti yako kwa jirani, namwambia Sidonie, leo atafika. Nilikupikia pombe. Ikachacha, nikaimwaga, nikapika ingine. Ile ya pili niliifunika vizuri, nikasema hata Noeli iko siku, atafika."

Laiti mama angemlaani, Félicien aliwaza. Laiti angemtupia lile jembe.

Mama alimpa jembe mkononi, kweli, lakini kwa upole, maana alikuwa amechoka. "Unisaidie hapa," akasema. "Sufuria yangu iko chini. Lakini uchimbe polepole upande huo. Mutungi njo nilikuwa nimeuweka hapo."

Félicien akaliweka jembe kando, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Mtoto alimchuchumalia mbele, akingoja kupokea. Alichimba taratibu, akiyatoa matope kwa viganja, na kila vidole vyake vilipogusa kitu kigumu alimwomba Mungu kiwe jiwe, si ule mtungi aliowekewa.